Muulizeni Kauane

Ungemwuliza Rosinete Favacho mwenyewe, angekwambia yeye ni mtu mpole, hapendi ugomvi. Wenzake wa wodi ya watoto mahututi, wakimsikia akijisifu hivyo, walikuwa wakitoka nje kwenda kucheka. Kwa miaka yote aliyofanya kazi katika hospitali ile ya umma mjini Belém, alikwisha kugombana na mtu wa stoo juu ya glavu, akagombana na fundi juu ya kiyoyozi kilichokuwa kikiwadondoshea watoto maji, na safari moja aligombana na padri aliyeingia kubariki vitanda bila kunawa mikono. Padri alinawa.

Mwaka yalipotokea haya, mji ukiwa umeanza kupamba mitaa kwa ajili ya sikukuu ya Bikira Maria, uongozi wa hospitali ulileta jambo jipya. Wakaguzi wa cheti cha ubora walikuwa njiani, na katika yote watakayoyatazama, macho yao yangetua kwanza kwenye mipango ya uuguzi. Kila mtoto aliyelazwa pale alitakiwa awe na mpango wake: muuguzi amkague, aseme shida yake ni nini, aandike atafanyiwa nini na nani, kisha arudi kuona kama kilichofanywa kimemsaidia. Rosinete aliipenda kazi hiyo kuliko zote. Aliifananisha na ya fundi cherehani: hukati kitambaa hujamwona mvaaji. Lakini ilitaka muda, na muda ndio waliokosa. Vitanda vilikuwa kumi, muuguzi mmoja kwa zamu, na wasaidizi wachache wanaokimbia huku na huko kama kuku waliomwona mwewe.

Basi Bi Ivanilde, mkuu wa wauguzi, akawaita asubuhi moja mbele ya kompyuta. Alikuwa mwanamke mrefu, nywele zimebanwa nyuma, na sauti ya mtu aliyezoea kupeleka habari mbaya.

"Jamani, leo angalau ni habari njema," alisema. "Unafungua jina la mtoto, unabonyeza hapa, mpango wote unajijaza. Nusu saa imekuwa dakika."

Akabonyeza. Skrini ikajaa sentensi nadhifu: mgonjwa amegeuzwa kama inavyopaswa, ngozi iko salama, maumivu hayapo, familia imeelimishwa.

Jocivaldo, muuguzi msaidizi mwenye kifua kama mlango wa ghala, aliinama kusoma. "Bosi, hapa imeandika mama ashauriwe kuendelea kunyonyesha."

"Ndiyo, tatizo liko wapi?"

"Mtoto mwenyewe sharubu zinamwota."

Watu walicheka, hata Bi Ivanilde alitabasamu kidogo. Akasema makosa madogo yatarekebishwa, la muhimu kazi iende. Na kazi ikaenda. Tuseme ukweli, hata Rosinete alibonyeza. Siku hizo kulikuwa na watoto wawili walioumwa na nge na mmoja aliyezama mtoni, na mwenye mikono miwili hawezi kushika vitatu. Alibonyeza kila zamu, akaweka jina lake chini, akarudi mbio kitandani.

Katika kitanda cha sita alilazwa Kauane, msichana wa miaka saba kutoka kisiwa kimoja huko juu ya mto. Alianza kwa kuharisha kama watoto wengine. Akapona tumbo, kisha miguu ikamwisha nguvu, kisha mikono, na boti la wagonjwa lilipomfikisha mjini kifua chake kilikuwa kinachoka kupumua. Daktari alimweleza mama yake kwamba mwili umegeuka kupigana na mishipa yake wenyewe ya fahamu. Kwamba mara nyingi ugonjwa huu hulegea na kuondoka, ila huondoka polepole, na mpaka hapo mashine ndiyo itakayompumulia. Akawekewa mpira kooni, akapewa dawa ya usingizi iingie mshipani tone kwa tone, mchana na usiku.

Kila asubuhi dawa ile ilisimamishwa kidogo ili daktari amwone mtoto alivyo. Mapigo ya moyo yalipopanda na jasho kumtoka, daktari alisema, "Anahangaika, mrudishieni," na usingizi ukamrudia.

Asubuhi moja, dawa ikiwa imesimama na daktari hajafika, Rosinete na Jocivaldo walimgeuza Kauane ili wambadilishe shuka. Rosinete alishika kichwa. Vidole vyake, chini ya nywele zilizosokotwa, vikagusa unyevu. Akatenga nywele. Kisogoni palikuwa na kidonda cha kulalia, upana wa kifungo cha shati, kingo zake nyekundu na katikati pamelainika kama embe lililoiva kupita kiasi.

Alikwenda kwenye kompyuta akafungua mpango wa usiku uliopita. Ngozi iko salama, amegeuzwa. Akafungua wa mchana wake mwenyewe. Ngozi iko salama, na chini yake: Rosinete Favacho.

Damu ilimpanda usoni. Aliona aibu kwanza, kisha hasira, na hasira ile haikuwa na pa kwenda ila kurudi kitandani na kufanya kazi vizuri. Aliporudi, Jocivaldo alikuwa anaanza kumsugua mtoto miguu kwa kitambaa, kwa nguvu, kama walivyozoea, ili damu itembee. Mashine ya mapigo ya moyo ikaanza kulia.

"Acha," alisema Rosinete.

"Nimefanya nini?"

"Acha kwanza. Nyamaza. Mtazame macho."

Uso wa Kauane haukuwa na mtikisiko wowote, kope zimelegea nusu. Lakini ndani ya kope zile mboni zilikuwa zinatembea. Zilimfuata Rosinete alipokwenda kulia, zikamfuata alipokuja kushoto.

Rosinete aliinama karibu. "Kauane, mimi ni Rosinete, muuguzi wako. Kama unanisikia, tazama juu."

Macho yakapanda juu.

"Mama yangu wee!" Jocivaldo alijipiga ishara ya msalaba akiwa bado na kitambaa mkononi.

"Juu ni ndiyo. Chini ni hapana. Umenielewa, mwanangu?"

Juu.

"Unaumwa?"

Juu, upesi.

"Kichwa?"

Chini.

"Mikono? Tumbo?"

Chini, chini.

"Miguu?"

Macho yakapanda na kubaki huko, na chozi likateremka upande hadi sikioni. Jocivaldo alikitazama kitambaa kile, akakiweka chini taratibu kana kwamba ni kisu.

"Siku zote hizi," alisema. "Siku zote hizi namsugua, na nampigia mluzi juu yake."

Daktari Ubiratan Lobato aliingia wakati huo. Alikuwa mkuu wa wodi, mtu wa kazi, asiyelala, aliyejua jina la kila mtoto aliyepata kufia mikononi mwake. Rosinete alimweleza. Alisikiliza huku akitazama mashine.

"Najua kwamba anaweza kusikia," alisema. "Ugonjwa huu hauli akili. Ndiyo maana namlaza."

"Daktari, ana maumivu. Amesema mwenyewe."

"Na hofu je? Wewe, Rosinete, ungependa kulala macho wazi, mpira kooni, huwezi kusogeza hata kidole, siku baada ya siku? Mimi nimewaona watoto waliopitia hayo. Wengine hawalali tena maisha yao yote. Usingizi ndio huruma pekee niliyo nayo hapa."

"Inawezekana uko sahihi."

"Asante."

"Inawezekana pia huko sahihi. Muulize mwenyewe."

"Ana miaka saba!"

"Na miguu inayomuuma ni yake."

Daktari alimkodolea macho. Kisha akafungua tena ile dawa kwa mkono wake, akaagiza kidonda kisafishwe, akaenda kitanda cha saba. Rosinete hakuigusa dawa, haikuwa kazi yake. Lakini mpango wa uuguzi ulikuwa kazi yake kwa sheria ya nchi, na hakuna daktari wala mkurugenzi aliyeweza kumwandikia. Alikaa kwenye kompyuta, akafuta zile sentensi nadhifu zote, moja baada ya nyingine, akaanza upya.

Aliandika kwamba Kauane anasikia, anaelewa, na anajibu kwa macho, na namna ya kumwuliza. Kwamba miguu inamuuma ikiguswa, kwa hiyo isisuguliwe, na shuka iinuliwe isiilalie. Kwamba ana kidonda kisogoni, akakieleza kilivyo. Kwamba kabla ya kumgeuza, kumfyonza makohozi au kumchoma sindano, mtu amwambie kwanza. Kwamba mama yake akae naye mchana kutwa. Kwamba daktari anaombwa aifikirie upya dawa ya maumivu na ya usingizi. Alipofika mahali pa kueleza kama mtoto amegeuzwa usiku, aliinuka akamwuliza msaidizi wa usiku aliyekuwa anavaa viatu aondoke. Yule alitazama sakafu. "Dada, tulikuwa wawili. Yule wa kitanda cha pili alituzimikia mara tatu. Tungemgeuza nani?"

Rosinete akaandika: *Haikufanyika. Mikono haikutosha.* Akaweka jina lake.

Jocivaldo alileta boksi la maji ya dripu, akalikata pande mbili kwa mkasi, akalisimamisha juu ya miguu ya Kauane na kulitandikia shuka kama paa la kibanda. "Nyumba ya miguu," alisema. "Haina kodi."

Mama yake Kauane, Deuzarina, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje kama alivyokaa kila siku, akingoja ile nusu saa ya kuruhusiwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye nyayo ngumu za mtu aliyekwea michikichi ya asaí kuchuma matunda yake tangu utotoni. Rosinete alimwambia aingie.

"Saa bado," alisema Deuzarina, akimtazama mlinzi.

"Sheria inasema mama akae na mwanawe. Saa wameitunga wao."

"Wameniambia nisimguse, nitang'oa kitu."

"Nitakuonyesha pa kumgusa."

Mlinzi aliinua mkono. Rosinete alimwambia kwa upole, ule upole wake unaojulikana, kwamba kama anataka kuzuia aandike jina lake kwenye mpango wa mtoto, mahali pa kueleza nani alimzuia mama asiingie, na kwa nini. Mlinzi aliushusha mkono ukakuna sikio.

Siku iliyofuata asubuhi, dawa iliposimamishwa, Deuzarina alikuwa kwenye kiti, kiganja chake juu ya paji la uso la mwanawe. Daktari Ubiratan alifika mapema kuliko kawaida. Alikuwa ameusoma ule mpango, ungeweza kujua kwa jinsi alivyosimama mbali, mikono ndani ya mifuko, kama mtu aliyekuja kushuhudia ajali. "Nawapa muda mpaka nimalize kuandika," alisema. "Kisha tunamrudisha usingizini."

"Kauane," alisema Rosinete, "mama yako huyu hapa. Unamwona?"

Juu.

Deuzarina alifunika mdomo kwa mkono mwingine.

"Unataka tukuwekee katuni?" Rosinete aliuliza. Alikwisha kuazima televisheni ndogo kutoka wodi ya pili, akaibeba mwenyewe ngazi nzima.

Chini.

"Basi mama akuimbie?"

Chini. Mara mbili.

Rosinete alichanganyikiwa kidogo. Deuzarina akacheka, kicheko kilichochanganyika na kilio. "Hapendi nikiimba, dada. Husema naimba kama bata aliyekanyagwa. Ni kweli, Kauane, eti?"

Juu! Jocivaldo alilazimika kugeukia ukutani.

"Huyu mtoto ana kiburi," alisema Deuzarina kwa fahari. "Tangu tumboni alikuwa ananipiga mateke. Haya, mwanangu, unataka nini? Unataka habari za bibi? Hapana. Za shule? Hapana. Za Pirata?"

Macho yakaruka juu.

"Mbwa wetu," Deuzarina aliwaambia wengine. "Pirata yuko kwa bibi, mzima. Juzi ameiba samaki wa jirani, mzima na kichwa chake, akakimbilia chini ya sakafu ya nyumba, na jirani akamfuata akakwama kiunoni. Walimvuta kwa miguu."

Mapigo ya moyo yalipanda kwenye skrini. Daktari alisogea hatua moja, akatazama skrini, akamtazama mtoto, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba si kila moyo unaokwenda mbio unahangaika. Alivuta kiti, akaketi usawa wa macho ya Kauane. Rosinete hakuwahi kumwona akiketi kwenye wodi ile.

"Kauane, mimi ni daktari wako. Nataka kukuuliza jambo, na jibu lolote ni sawa. Unaogopa?"

Juu.

"Ninaweza kukulaza usingizi usiogope. Unataka nikulaze?"

Kauane alimtazama daktari usoni kwa muda. Kisha macho yakashuka chini, na yakakaa chini.

"Unaogopa, na bado hutaki kulala?"

Juu.

"Na usiku, mama akienda kupumzika?"

Macho yalimtafuta mama, yakamwona, yakafikiri. Yakapanda juu.

"Usiku unalala, mchana uko macho. Ndivyo unavyotaka?"

Juu.

Daktari aliinuka, akasafisha koo. Aliandika dawa ya maumivu ya mishipa, akapunguza usingizi wa mchana, akaacha wa usiku. Alipompita Rosinete alisema chini kwa chini, "Usidhani umeshinda."

"Kwani tulikuwa tunashindana, Daktari?"

"Wewe? Wewe unashindana hata na saa ya ukutani."

Kama mambo yangeishia pale, Rosinete angekwenda zake nyumbani kula samaki na asaí kwa amani. Lakini siku tatu kabla wakaguzi hawajafika aliitwa ofisini. Bi Ivanilde alikuwa nyuma ya meza, na kando yake Bwana Everaldo wa utawala, kijana wa tai na manukato, mwenye karatasi zilizochapwa. Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza kupiga mabati.

"Dada Rosinete, hebu tuelewane," alianza Everaldo. "Hapa kuna maneno. 'Haikufanyika, mikono haikutosha.' Na hapa tena. Na hapa. Karibu kila siku."

"Ni kweli. Karibu kila siku."

"Hakuna anayesema si kweli. Tunasema si mahali pake. Wakaguzi wakisoma hivi watatufikiriaje?"

"Watafikiri mikono haitoshi."

Everaldo alitabasamu kwa subira. "Tungeweza kuandika 'imefanyika kwa kiasi'."

"Kidonda hakikumtoboa mtoto kwa kiasi, bwana. Kilimtoboa. Njoo wodini nikuonyeshe, ni hatua chache tu kutoka hapa. Wewe hujawahi kuja."

"Rosinete," alisema Bi Ivanilde, "ule mfumo uliwekwa kuwasaidia nyinyi. Mimi niliupigania."

"Najua, Bi Ivanilde. Lakini huo mfumo haukuniuliza mtoto yukoje. Uliniambia. Na mimi nikasaini. Nilisaini kwamba ngozi iko salama, na chini ya nywele mtoto anaoza. Hiyo nimekwisha kuifanya. Sitarudia, hata mkinihamisha."

"Tunaweza kukuhamisha," alisema Everaldo, na tabasamu likatoweka. "Chumba cha chanjo kinahitaji muuguzi."

"Nihamisheni. Nachoma sindano vizuri. Ila huyo mtakayemleta, naye ana macho. Na huu mpango mkiona haufai, ufuteni nyinyi, muandike wa kwenu, na chini muweke jina lenu. Kalamu hii hapa."

Akaiweka kalamu juu ya meza. Ilibingirika ikasimama mbele ya Everaldo. Hakuna aliyeigusa.

Ndipo Everaldo alipomwita Daktari Ubiratan. Alikuwa ametayarisha malalamiko ya ukurasa mmoja kwamba muuguzi ameingilia matibabu, na kilichobaki ni sahihi ya mkuu wa wodi. Daktari alikuja na koti limelowa begani, akasoma, akaigeuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu.

"Mwanamke huyu ananichosha," alisema. "Ananichosha asubuhi, ananichosha jioni, na nikiwa likizo mke wangu anasema namtaja usingizini."

"Basi, Daktari..."

"Lakini kuchoshwa si ugonjwa. Hapa mmeandika amepunguza dawa. Dawa nilipunguza mimi. Nisaini uongo kwa sababu nimechoka?" Akairudisha karatasi. "Nina watoto kumi. Kama mna wasaidizi, nileteeni. Kama hamna, niacheni."

Alitoka, mlango ukabaki wazi.

Hata hivyo Rosinete alipewa barua ya onyo, kwa kile walichokiita lugha isiyofaa katika kumbukumbu za hospitali. Alisoma yote, akaandika chini yake kwa herufi kubwa: NIMESOMA. SIKUBALI. Akarudi wodini, akamwambia Jocivaldo amletee maji.

"Wamekufukuza?"

"Bado."

"Basi kunywa haraka, kitanda cha nne ni wakati wa kugeuzwa."

Habari ya kisa chake ilitembea kama moshi. Zuleide wa zamu ya usiku, mwanamke mnene wa maneno machache ambaye hakuwahi kupinga kitu maishani, alikaa kwenye kompyuta akafuta mipango yote ya kubonyeza, akaandika yake. Wauguzi wa zamu za mwisho wa juma wakafuata. Wengine walinung'unika. Kulikuwa na muuguzi mmoja aliyemwambia Rosinete usoni kwamba anawatafutia watu mabalaa kwa sababu hana mume wa kugombana naye nyumbani. Rosinete alimjibu kwamba alikuwa naye, wakagombana, na akashinda.

Wakaguzi walipofika walikuta vitanda kumi na mipango kumi isiyofanana. Mkaguzi mkuu, bibi mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alisoma wa kitanda cha sita akisimama. Kisha akamgeukia Bi Ivanilde.

"Hii 'mikono haikutosha' inajirudia. Ni kosa la uandishi?"

Everaldo alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Bi Ivanilde alitazama boksi lile juu ya miguu ya mtoto, akamtazama Deuzarina aliyesinzia kitini, akamtazama Rosinete aliyekuwa anafyonza makohozi kitanda cha pili bila hata kugeuka.

"Hapana," alisema. "Ndivyo ilivyo."

Hospitali haikupata cheti mwaka ule. Keki iliyokuwa imeagizwa kwa ajili ya sherehe iliishia wodi ya wazazi. Rosinete alilaumiwa korido nzima, na kwa majuma kadhaa kulikuwa na meza mbili kwenye chumba cha chakula ambako hakukaribishwa. Wasaidizi wawili wapya waliletwa, si wanne kama walivyoomba, na wa pili alichukuliwa tena baada ya sikukuu. Lakini ule mfumo wa kubonyeza hakuna aliyeutumia tena kwenye wodi ya watoto mahututi.

Kauane alikaa sana. Walimtoboa tundu kooni ili ule mpira utoke kinywani, kidonda cha kisogoni kikafunga na kuacha upara mdogo, na siku moja Deuzarina alipiga yowe lililowakusanya wote: kidole gumba cha kulia kilikuwa kimesogea. Kuanzia hapo mwili ulirudi kipande kipande, kama watu wanaorejea nyumbani baada ya mafuriko. Ilipofika zamu ya kujaribu sauti, daktari aliziba lile tundu kwa kidole na wodi nzima ikaegemea karibu kusikia neno la kwanza. Deuzarina alikuwa tayari analia.

Kauane alimtazama Jocivaldo.

"Mikono yako," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "ni baridi. Kila siku baridi."

Jocivaldo alikwenda kuishika mikono yake chini ya maji ya moto, na alipotoka bafuni macho yalikuwa mekundu.

Siku walipoondoka, Kauane akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi gari la kuwapeleka bandarini, Rosinete hakuweza kutoka kuwaaga. Aliwapungia mkono kupitia kioo tu, kwa sababu alikuwa anakwenda ofisini kwa Bi Ivanilde na karatasi mkononi, na uso wake ulikuwa ule ambao waliomjua humpisha njia.

Bi Ivanilde alimwona mlangoni, akaweka kalamu chini.

"Nini tena, Rosinete?"

"Kitanda cha pili. Mama yake ni kiziwi, na kila mtu anamfokea."

Bi Ivanilde alifumba macho kidogo, akapumua. Akavuta kiti cha pili.

"Funga mlango," alisema. "Kaa, uniambie."